Mkono wa Kazi Tatu

Mkono wa kulia wa yule mtu ulikuwa na kazi tatu tu: kutupa mpira, kula, na kusalimia. Kazi nyingine zote za dunia alizifanya kwa kushoto. Mlango alifungua kwa kushoto, ndoo alibeba kwa kushoto, shati alipiga pasi kwa kushoto. Lifti ikiharibika pale kwetu Al Nahda, Dubai, alipanda ngazi ghorofa sita na mfuko wa mchele kwenye bega la kushoto bila kubadilisha hata mara moja. Ukimwambia, mzee, badilisha upande utapinda, alikutazama kama mtu uliyemwomba akuuzie figo yake.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa, na kwa jinsi mambo yalivyokwenda sidhani kama nina uso wa kumwomba chochote. Sisi Watanzania tulimwita Mtupaji. Mkenya mwenzake alimwita Mzee, ingawa umri wake ulikuwa arobaini na kidogo. Kwenye chumba cha vijana, arobaini ni uzee.

Tulikuwa wanaume saba kwenye chumba kimoja na sebule. Mimi fundi wa AC, binamu yangu Hoza fundi rangi, Watanzania wengine wawili wa usafi, Mganda mmoja wa hotelini, na Wakenya wawili ambao walikuwa wa kampuni moja. Mmoja wao alikuwa dereva wa sir, yaani bosi mkubwa wa kampuni yao. Wa pili alikuwa Mtupaji. Naomba huyo dereva akumbukwe. Alikuwa mtu mzuri, mcheshi, ila alikuwa na mdomo usiofungwa, na kila asubuhi alikaa saa nzima kwenye gari na sir.

Kwa asiyejua, mchezo wenyewe unaitwa besiboli. Mmoja anasimama juu ya kichuguu cha udongo na mpira mdogo, mgumu kama ndimu mbichi. Mwenzake anasimama mbali, kama hatua ishirini na kitu, ameshika gongo. Wa kwanza anatupa, wa pili anajaribu kupiga. Akikosa mara tatu anaondoka. Hayo mengine ya kukimbia na kuzunguka uwanja sikuyaelewa wakati ule na sitaki kuyaelewa sasa. Nilikwenda kutazama mara mbili, nikasinzia mara moja.

Mtupaji alijifunza shuleni kwao, upande wa Embu. Alikuja mwalimu wa hesabu kutoka Japani, wa kujitolea, akaja na glovu za kudakia mpira ndani ya begi la nguo. Wanafunzi walicheka, wakarudi kwenye mpira wa miguu. Yeye akabaki na mwalimu wake, wawili tu, wakirushiana mpira nyuma ya madarasa mpaka mwalimu akamaliza muda wake na kuondoka. Glovu moja aliachiwa. Nimeiona. Ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma na aliipaka mafuta ya nazi ya Hoza bila kumwambia Hoza.

Dubai alikuja kama mlinzi. Akapangwa kwenye jengo kule Silicon Oasis, wakati ule nusu yake bado mchanga mtupu. Siku moja sir alikuwa ghorofa ya tatu, kuta hazijasimama, akapiga kelele aletewe ufunguo wa stoo, yalla, haraka. Mlinzi akatazama ngazi, akatazama jua, akaurusha. Ufunguo ulifika kifuani kwa sir, na sir akaudaka bila kusogeza mguu. Basi sir akashuka mwenyewe mpaka chini, akamwambia rudia. Alirudia mara tano. Sir alikuwa Mjapani, na watu wa kwao mchezo huo wameuweka mahali sisi tulipoweka Simba na Yanga.

Ndani ya wiki chache visa yake ikahamishiwa kwenye kampuni ya sir. Karatasi zilisema mtunza stoo. Lakini maboksi waliinua Wapakistani wawili, kwa amri ya sir, na yeye alikaa kwenye kiti akigawa helmeti na glovu za kazi. Ijumaa, siku ya mapumziko kule, ndiyo ilikuwa kazi yake. Makampuni yalikuwa na timu zao, wahandisi wa Kimarekani, wa Kikorea, wa Kijapani, na katikati yao Mwafrika mmoja mweusi ti, mrefu, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Timu nyingine zilimwazima kwa mechi za kirafiki kama watu wanavyoazimana ngazi. Katika watu wetu wote niliowajua kule, ndiye wa kwanza kulipwa kwa kutupa mpira. Wa pili sijamsikia mpaka leo.

Na alijua anasimama wapi. "Hii mkono ikikataa," alituambia, "mimi niko kwa ndege. Hakuna stoo, hakuna nini." Alikuwa na watoto watatu, wote shule za bweni. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayekwambia kesho kutakuwa na vumbi.

Nyumbani hawakujua. Mkewe aliamini anatunza stoo. Nikamuuliza kwa nini hasemi ukweli, maana si wizi.

"Nikimwambia mama watoto nalipwa kwa kutupa mpira, ataita wazee waniombee," akasema. "Mtu mzima na ndevu. Wewe ungeambia nani?"

Mimi mwenyewe nyumbani nilikuwa nimesema mimi ni msimamizi.

Watu aliwapanga kwa mipira waliyoshindwa kupiga. Hilo lilikuwa kama ugonjwa. Yule Mmarekani wa benki: hawezi ya chini. Yule Mkorea: hawezi ya ndani, anaogopa vidole vyake. Halafu akaanza kutupanga na sisi, watu ambao hatujawahi kushika hilo gongo. Mganda, alisema, angeshindwa na ya kwanza, kwa sababu huwa hajaamka. Hoza angepiga zote, kisha angesahau kukimbia. Hoza alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe kijana unashindwa na ya polepole," akasema. "Unapiga kabla haijafika."

Nilimwambia mimi ni fundi AC, si mchezaji. Akasema sawa.

Alikuwa mtu wa dini na hakumsahau Mungu wake, lakini kule kanisa ni Ijumaa na mpira ni Ijumaa. Alichagua mpira kila wiki na kila wiki alijilaumu. Alibeba skafu ya kanisa ndani ya begi la mpira, ilikuwa humo tu, imekunjwa, haikutoka. Aliwakemea wasioenda ibadani kuliko hata sisi tuliokuwa tunaenda. Pia alihubiri unyenyekevu na hapohapo alikuwa na nusu ya friza yetu, kwa ajili ya mifuko ya barafu ya bega. Samaki wa watu sita walibanana upande mmoja kama abiria, upande wa pili barafu ya bwana mkubwa imelala peke yake. Tuligombana kuhusu friza ile kuliko kitu kingine chochote.

Maji ya kunywa yalikuja kwenye chupa kubwa za kuweka juu ya mashine, zile za kuinua kwa mikono miwili. Hakuinua hata moja. Zamu yake ikifika alimbembeleza mtu kwa biskuti. Tulimsema sana, lakini alitutania na sisi tukamtania, mambo yakaisha. Upikaji wake ulikuwa mbaya, mahindi na maharage ya kuchemsha mpaka yawe na rangi moja, na Watanzania tulimwambia wazi kwamba hicho kwetu wanakula ng'ombe. "Ng'ombe wenu wako na bahati," alijibu.

Nitasema kidogo kuhusu chungu, maana bila chungu hii habari haieleweki. Kwenye vyumba vyetu kila mtu anachangia, kila mtu ana siku yake ya kupika, na jioni mnakaa chini mnazunguka sinia moja. Mtu unaweza kugombana naye asubuhi, jioni mikono yenu inakutana kwenye ugali na khalas, imekwisha. Adhabu kubwa chumbani si kupigwa wala kufukuzwa. Ni kutolewa kwenye chungu. Anabaki na kitanda chake na godoro lake, anapita katikati yenu mkila, na hakuna anayemwambia karibu. Kwa mtu wa kwetu, kupita mbele ya watu wanaokula bila kuambiwa karibu ni kama kuambiwa hujazaliwa. Katika miaka yangu kule niliona mtu mmoja tu akitolewa.

Msimu wake wa tatu alibadilisha utupaji. Mwanzoni mkono ulikuwa unapita juu ya kichwa na kushuka kama mtu anayepasua kuni. Sasa akawa anainama, anautoa mpira chini karibu na goti, vile mtu anavyorusha kijiwe kirukeruke juu ya maji. Dereva ndiye aliyetuletea habari. Alisema sir amechanganyikiwa kwa furaha, wapigaji hawauoni mpira unakotokea, timu nyingine zimeanza kulalamika kwamba si halali. Wakaenda kutazama sheria, ikawa halali. Picha yake ikabandikwa ofisini, ameinama, vumbi limeruka, na chini yake pameandikwa mtunza stoo. Tulimnunulia keki. Aliikata kwa kushoto, hilo hatukulishangaa, siku zote alikuwa hivyo.

Wakati uleule aliacha kutusalimia kwa mkono. Asubuhi badala ya kukupa mkono aliweka kiganja cha kushoto kifuani na kuinamisha kichwa, kama wafanyavyo wazee wa Kipathani. Tukasema amekuwa mtu mkubwa. Barafu iliondoka kwenye friza na hakuna aliyeuliza, tulifurahia nafasi, tukajaza samaki. Alianza kukaa bafuni muda mrefu maji ya moto yakitiririka, tunagonga mlango, tunachelewa kazini, anatoka uso umelowa anasema pole. Nayaandika haya kwa mfuatano kwa sababu sasa yamekaa kwa mfuatano. Wakati ule yalikuwa kero moja moja.

Kisha Hoza akafa.

Hakuugua. Ilikuwa asubuhi ya kazi, saa yake ikalia, ikalia tena, nikamtupia mto nikamwambia zima hiyo kitu. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Daktari alisema moyo. Niliambiwa nikae, nikakaa. Niliambiwa nisaini, nikasaini. Nilimpigia shangazi kule Muheza, nikasema maneno yote kwa utaratibu, na alipopiga yowe niliweka simu mbali kidogo na sikio nikasubiri amalize. Watu waliniambia nimejikaza kiume. Sikuwa nimejikaza. Palikuwa hapana kitu cha kukaza.

Karatasi zilichukua siku nyingi. Siku ya kumsafirisha tuliomba ruhusa wote sita, tukaenda pale wanapotayarisha maiti. Sanduku lilikuwa chini kwenye uwanja wa saruji, gari la mizigo limeegeshwa upande wa pili wa geti. Sanduku lilikuwa na mishikio sita, mitatu kila upande. Na sisi tulikuwa sita. Nilihesabu nikasema moyoni, angalau hili limekaa sawa.

Mimi nilishika upande wa kulia wa sanduku, mbele, kwa mkono wa kushoto. Mganda nyuma yangu, Mtanzania mmoja nyuma yake. Upande wa kushoto alisimama dereva mbele, Mtanzania wa pili mwisho. Katikati yao mshikio mmoja ulibaki wazi.

Mtupaji alikuja akasimama nyuma yangu. Akanigusa mgongoni.

"Kijana, nipishe hapa."

"Nafasi iko kule, mzee," nikamwambia.

"Najua. Nipishe tu mimi hapa, wewe enda ile side."

"Huyu ni ndugu yangu. Mimi ndiye wa mbele."

Aliinua macho akamtazama dereva ng'ambo ya sanduku, akautazama ule mshikio wazi, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kuficha mikono mgongoni. Tukasubiri. Nadhani tulisubiri muda mrefu, maana Mpakistani mmoja, mwenye lile gari la mizigo, aliona aibu kwa niaba yetu, akazima sigara, akaja kushika. Tukambeba Hoza, watano wa chumbani kwake na mtu mmoja asiyejua jina lake. Mtupaji alitufuata nyuma mikono mitupu.

Ijumaa, siku mbili baadaye, alikwenda kutupa mpira. Dereva alitwambia walishinda.

Kikao kiliitwa Jumamosi jioni. Mimi ndiye niliyekiita. Tulikaa wote kwenye mkeka na nilizungumza bila kupandisha sauti. Nakumbuka nilijisikia nikizungumza kama mtu anayesoma tangazo. Nilisema tumevumilia maji, tumevumilia friza, tumevumilia salamu za kifuani. Nikasema mtu anayeogopa kuchakaza mkono kwa maiti ya mwenzake, asitie mkono huo kwenye chungu chetu. Nikauliza kama kuna mwenye neno. Mganda aliinama. Dereva, ambaye ndiye aliyekuwa wa kumtetea Mkenya mwenzake, alitikisa kichwa akasema, "Mzee, hiyo haikuwa poa. Hata sir nimemwambia, ameshangaa."

Mtupaji alimtazama dereva. Mdomo ulifunguka kidogo.

"Sawa," akasema. Akainuka, akaenda kukaa kitandani kwake.

Tangu siku hiyo alikula peke yake, mkate na maziwa, mara nyingine wali wa dukani, ameupa ukuta uso. Siku moja niliona anakula wali kwa kijiko, kijiko kiko mkono wa kushoto. Nikawaambia wenzangu jikoni: mnaona, hata adabu ya kula imemtoka. Tukacheka. Nacheka kidogo sana kwa kawaida, lakini siku ile nilicheka.

Kuna ada nyingine ya chumba. Mtu akihama, mnambebea mizigo mpaka kwenye teksi. Hata kama alikuwa mwizi wa sukari, mnambebea. Ulipofika ule mwaka winchi za ujenzi zilipoanza kusimama angani bila kugeuka, makampuni yakapunguza watu, na kampuni yao ikafunga kazi zake nyingi. Sir alirudi kwao. Timu ikavunjika, na uwanja nasikia ukawa maegesho. Mtupaji hakufukuzwa kwa ajili ya mkono. Hakuna aliyeuliza habari za mkono. Alipunguzwa kama walivyopunguzwa wahasibu. Siku aliyohama nilikuwa jikoni nasukuma chapati. Nilisikia mlango wa lifti ukifunguka na kufungwa, ukifunguka na kufungwa, mara nne. Alishusha begi moja moja. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikajiambia hivyo, ina unga.

Ilipita kama miaka miwili. Nilitumwa Silicon Oasis kutengeneza AC kwenye jengo la vyumba vya kupanga. Sasa kulikuwa na miti pale, midogo, kila mmoja na mpira wake wa maji. Getini kuna kibanda cha mlinzi, na lazima uandikwe kwenye daftari. Mlinzi aliandika jina langu polepole bila kuniuliza, herufi kubwa, zimelala huku na huku kama za mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa anaandika kwa kushoto. Ndipo nikatazama uso.

"Habari ya siku nyingi, kijana," akasema. Akanipa mkono. Wa kushoto.

Nilisita. Kwetu huwezi kumpa mtu mkono wa kushoto ila kama unamtukana. Akaona.

"Samahani. Wa kulia hauinuki. Hata kijiko sifikishi kwa mdomo."

"Umeumia lini?"

"Ile msimu nilianza kutupa chini. Juu ilikataa. Kitu ilikatika hapa kwa bega, nikaisikia." Alisema kama anavyosema mtu kwamba tairi lilipasuka. "Chini ilikuwa inawezekana. Uchungu, lakini inawezekana."

Nilihesabu. Keki ilikuwa kabla ya msiba. Kiganja kifuani, bafuni, barafu, vyote kabla. Hoza alikuwa bado hai, alikula keki ile.

"Ungesema," nikamwambia.

"Mbele ya dereva?"

Dereva alikuwa kwenye kikao, na alikuwa ameshika mshikio wa mbele. Kila asubuhi alikuwa na sir saa nzima garini.

"Watoto walikuwa watatu kwa shule," akasema. "Sasa wako wawili, mkubwa amemaliza. Na ile mshikio ilibaki ilikuwa ya mkono ya kulia. Ningeshika, ningeangusha ndugu yako hapo kwa saruji mbele ya watu wote. Kwa upande wako ningeshika na hii." Akaonyesha wa kushoto. "Ndio nikakuambia nipishe."

Nilisema ndiyo, nakumbuka. Nilikuwa nasubiri kitu kije, aibu, au kilio, au hata hasira. Kilikuja kidogo sana, kama maji ya bomba la ghorofa ya juu. Nikamwambia, "Nilikukosea, kaka." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kaka.

"Ilikuwa mpira ya polepole," akasema. Kisha akafunga daftari.

Nilikwenda kutengeneza AC. Iliharibika kidogo tu, chujio lilijaa vumbi. Niliposhuka nilimkuta amesimama nje ya kibanda na sanduku la bati, lile la shule, limefungwa kamba na kuachiwa vitanzi viwili vya kushikia, kimoja kila ubavu. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, akasema, anarudi Embu moja kwa moja. Mizigo inatangulia. Gari la kago liko barabarani, haliruhusiwi kuingia, na vijana wake wamesema mwenye mzigo aulete.

"Nikusaidie," nikasema.

"Si mbaya."

Niliinama nikashika kitanzi kilichokuwa karibu yangu. Kilikuwa cha upande wa kulia, kwa hiyo nilikishika kwa kushoto. Nikaona alivyosimama. Alikuwa anatazama kitanzi cha upande wa pili. Nikakiachia. Nikazunguka sanduku kwa mbele, nikashika ng'ambo kwa mkono wa kulia, na yeye akaja akashika pale nilipotoka, kwa kushoto. Tukainua pamoja.

Lilikuwa zito. Sijui alijaza nini, sikuuliza. Tulikwenda polepole kwa sababu miguu yetu haikuwa inalingana. Alikuwa mrefu kuliko mimi, na sanduku liliinamia kwangu. Jua lilikuwa kali. Katikati ya njia alisimama kupumzika lakini hakuliweka chini.

"Ile ya Hoza," akauliza, "ilikuwa nzito?"

"Hapana," nikasema. "Alikuwa mwembamba."

Akaitikia kwa kichwa, akarekebisha vidole kwenye kamba.

"Basi ningeweza," akasema, na tukaendelea kutembea.